Ghala Moja, Lugha Nyingi: Neno Magazine na Hazina Yetu

Kila mjadala kuhusu Kiswahili unapopamba moto, hasa inapokaribia Siku ya Kiswahili Duniani ya Julai 7, hujitokeza mtu wa kutukumbusha kwamba maneno yetu mengi ni ya Kiarabu, na huyasema hayo kana kwamba ametaja deni ambalo hatujalilipa. Wengine huenda mbali zaidi na kudai kwamba lugha iliyokopa kiasi hicho haiwezi kuwa ya Kibantu kwa dhati. Nadhani hoja hii ni dhaifu, na udhaifu wake huonekana vizuri zaidi tukiitazama Ulaya, ambako neno moja la Kiarabu limeingia karibu kila lugha bila mtu yeyote kuuliza iwapo Kifaransa bado ni Kifaransa. Neno hilo ni lile ambalo Waingereza huliandika magazine.

Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, kh-z-n, unaobeba maana ya kuhifadhi na kuweka akiba. Kiarabu hutanguliza "ma" mbele ya mzizi ili kupata jina la mahali panapofanyika jambo, na msomaji wa Kiswahili ameshakutana na utaratibu huu mara nyingi hata kama hakuwahi kufundishwa: mahakama ni mahali pa hukumu na hakimu, madrasa ni mahali pa darasa, maktaba ni mahali pa vitabu. Kwa utaratibu huohuo makhzan ni mahali pa kuhifadhia mali, yaani ghala, na wingi wake ni makhazin. Nchini Morocco neno hilo lilipanda cheo kabisa, kwani hadi leo Makhzen ndilo jina ambalo watu huitia dola ya mfalme na wale wanaoizunguka.

Neno liliingia Ulaya kwa njia mbili, na kila njia iliacha alama yake. Katika rasi ya Iberia, ambako Kiarabu kilizungumzwa kwa karne nyingi baada ya mwaka 711, wenyeji walilichukua neno pamoja na "al" iliyolitangulia, ndiyo maana ghala kwa Kihispania ni almacén na kwa Kireno ni armazém. Waitaliano na watu wa Marseille, kwa upande wao, walilikuta katika bandari za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, ambako wafanyabiashara wao walikuwa na mabohari ya kuwekea shehena, nao wakalichukua bila "al": Kiitaliano kikapata magazzino na Kifaransa magasin. Tofauti hiyohiyo imo katika neno la sukari, ambayo kwa Mhispania ni azúcar na kwa Mwitaliano ni zucchero. Kwa kutazama herufi mbili tu za mwanzo unaweza kukisia kama neno lilipokewa kutoka kwa majirani wa kila siku au lilirudi nyumbani pamoja na mizigo ya merikebu.

Baada ya hapo kila taifa lililitumia kwa mahitaji yake. Mfaransa alitoka kwenye bohari akaja kwenye duka, hata maduka makubwa ya Paris ya karne ya 19 yakaitwa grands magasins. Mrusi naye anaponunua mkate huingia magazin, na Mgiriki huita duka magazi. Mholanzi na Mpolandi wamebaki karibu zaidi na maana ya kwanza, ile ya ghala. Waingereza, waliolipata kutoka kwa Wafaransa mwishoni mwa karne ya 16, walilipeleka sana jeshini, likawa jina la stoo ya silaha na baruti, na baadaye la kile kikasha kinachobeba risasi ndani ya bunduki. Hiyo ndiyo magazini ambayo msomaji wa Afrika Mashariki huikuta katika taarifa za polisi.

Maana ya chapisho ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu tunajua ilipoanzia. Tayari katika karne ya 17 baadhi ya waandishi wa Kiingereza walikuwa wakiviita vitabu vyao magazine, wakimaanisha ghala la maarifa. Kisha Januari 1731 mchapishaji wa London aliyeitwa Edward Cave alitoa chapisho la kila mwezi, The Gentleman's Magazine, akikusanya habari, mashairi na makala zilizokuwa zimetawanyika katika magazeti ya jiji hilo. Kwake yeye jina lilikuwa na maana iliyo wazi kabisa: hapa ndipo kila kitu kimehifadhiwa pamoja. Chapisho lilipata wasomaji wengi, wengine wakaliiga pamoja na jina lake, na Samuel Johnson, aliyekuwa amemwandikia Cave kwa miaka kadhaa, alipotoa kamusi yake mwaka 1755 alitaja kwanza maana ya ghala, kisha akaeleza kuwa siku hizo neno lilikuwa limeanza kutumika kwa kijitabu chenye mambo mchanganyiko, kutokana na kazi hiyo ya Cave. Uamuzi wa mfanyabiashara mmoja wa kalamu na karatasi uliigeuza maana ya neno lililokuwa na karne nyingi mgongoni.

Wafaransa walipoipenda maana hii mpya waliikopa tena kutoka Kiingereza, ndipo leo wana magasin la kununulia vitu na magazine la kusoma, ndugu wawili waliorudi nyumbani kwa nyakati tofauti. Kituruki kina watatu: mahzen, ghala la chini ya ardhi, lililotoka moja kwa moja kwenye Kiarabu, mağaza, duka, lililopitia Ulaya kwanza, na magazin, habari za watu mashuhuri.

Hapa kuna mtego unaotuhusu sisi. Nimewasikia watu wakieleza kwa uhakika kwamba "magazeti" ni "magazine" iliyoswahilishwa, kwa kuwa sauti zinakaribiana. Haya ni maneno mawili yasiyo na undugu. Gazeti, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, lina asili ya gazeta, sarafu ndogo ya Venezia iliyokuwa bei ya karatasi ya habari katika karne ya 16, na "ma" ya magazeti ni wingi wetu wa Kibantu, kama katika matunda na majina. "Ma" ya makhazin ni ile ya mahakama. Chapisho la aina ya Cave sisi tuliliita jarida, ambalo kwa Kiarabu lilikuwa kuti la mtende lililoondolewa majani kabla ya kuwa karatasi ya habari.

Ndugu wa kweli wa magazine katika Kiswahili ni hazina. Mzizi ni uleule wa kh-z-n, na mahali pa "kh" sisi tumeweka "h". Kutoka hapo tumepata Hazina ya serikali na pia mhazini, anayeketi pamoja na mwenyekiti na katibu katika kila kikundi cha kuweka na kukopa. "M" ya mhazini haikutoka Uarabuni. Ni ileile ya mkulima na mvuvi, na wingi wake ni wahazini, wanaopatanishwa na vitenzi kama watu wengine wote. Ndiyo sababu sioni aibu ya kukopa, na ndiyo sababu pia siridhiki na kamusi zetu, ambazo mara nyingi humaliza habari ya asili ya neno kwa alama fupi inayosema tu kwamba ni la Kiarabu. Alama hiyo haimwambii mwanafunzi kwamba mzizi uliompa mhazini wa chama cha mama yake ndio uliompa Mfaransa duka, Mwingereza jarida na askari kikasha cha risasi. Maelezo hayo yangechukua mistari minne tu ya kamusi, na ningependa kuiona katika toleo lijalo.