Mwalimu wa Sauti Haji Kukunyang'anya Sauti Yako

Pendekeza kwaya yenu itafute mwalimu wa sauti, na katika makanisa mengi ya Nairobi jibu litakuwa lilelile: sauti ni karama, aliyeitoa ni Mungu, na anayekwenda kufundishwa hurudi akiimba kizungu. Wengine watataja pesa na muda. Walimu nao husema kwamba anayeongoza sifa kila Jumapili bila kujua koo lake linavyofanya kazi atafika siku sauti imkatikie. Ubishi huu ni wa zamani, na mara nyingi huisha kwa kila upande kumwona mwenzake hana imani au hana elimu. Mimi naona walimu wa sauti wanahukumiwa kwa kosa ambalo wengi wao hawalifanyi tena, na wanaolipia hukumu hiyo ni waimbaji, hasa wanawake.

Kosa lenyewe lilikuwepo, tusilifiche. Uimbaji wa darasani ulitufikia kupitia misheni na shule, kwa solfa, yaani noti za do-re-mi, na nyimbo za dini zilizotoka Ulaya, na sauti iliyosifiwa ilikuwa laini, nyembamba, ya kichwani. Msichana aliyelelewa kwa nyimbo za harusi za Kiluhya, zinazotoka kifuani wazi na kwa nguvu, aliambiwa anapiga kelele. Mwalimu wa namna hiyo bado yupo. Humpandisha mtu wa alto, yaani sauti ya chini ya kike, juu mpaka shingo ikakamae, kisha humwambia avumilie. Anayemkimbia ana haki kabisa. Ni kweli pia kwamba baadhi ya waimbaji bora tulio nao hawakuwahi kulipia somo hata moja. Walijifunza kwa kusikiliza na kuwaitikia wakubwa wao, na malezi hayo ni shule kamili ya mahadhi, ya matamshi, ya kujua lini uingie na lini uwaachie wengine.

Ila shule hiyo ilikuwa na kinga ambayo sisi tumeipoteza. Wimbo uliimbwa kwa kupokezana: mwenye kuanzisha alipumzika kiitikio kilipopokewa, na akichoka mwingine alishika. Hakukuwa na spika za kushindana nazo. Kiongozi wa sifa wa Kayole au Kawangware leo anasimama ndani ya jengo la mabati, nyuma yake dramu na gitaa la besi, anaimba ibada 2 au 3 mfululizo baada ya kesha la Ijumaa, na Jumatatu anarudi darasani kufundisha watoto au sokoni kuita wateja. Karama ni ileile. Mzigo ndio umebadilika, na haubebwi kwa ujuzi uliotosha uwanjani kwa bibi.

Hebu tuupige hesabu mzigo huo, kwa sababu ndio kiini cha hoja yangu. Sauti hutokea pale nyuzi mbili ndogo ndani ya koo, ambazo kwa mwanamke zina urefu wa takriban sentimita 1.5, zinapogongana na kuachana kwa kasi hewa ikipita. Ile noti ya la iliyo juu ya do ya katikati, ambayo vyombo hulinganishiwa, ni migongano 440 kwa sekunde. Ukiishikilia dakika moja, nyuzi zimegongana mara 26,400. Lakini hakuna aimbaye noti hiyo tu, basi tushuke hadi wastani wa 300 kwa sekunde. Katika kipindi cha sifa, ukitoa ala, maombi na pumzi, tuseme sauti yenyewe imetoka kwa dakika 15: ni migongano 270,000. Ibada 3 zikiisha ni 810,000, na bado hujala chakula cha mchana. Sijaweka kesha, wala mazoezi ya katikati ya wiki, wala kusalimiana kwa sauti ya juu nje ya mlango kunakodumu nusu saa.

Sasa ongeza nguvu. Kadiri mtu anavyoimba kwa sauti kubwa ndivyo nyuzi zinavyogongana kwa kishindo zaidi. Zinapogongana sana, siku baada ya siku bila kupumzika, mahali pale pale huota vinundu, upande huu na huu, kama sugu kwenye viganja vya mwenye jembe. Vinundu havimwachi mwimbaji afunge sauti vizuri. Hewa huvuja, sauti hukwaruza, naye akiisikia imedhoofika hukaza koo zaidi ili afidie, na kukaza huko ndiko kunakovilisha vinundu. Kwa nini nasema hasa wanawake? Mwanamke huzungumza kwa takriban mitetemo 200 kwa sekunde, mwanamume kwa 110 au 120. Hata kabla ya kuimba, nyuzi zake zimekwisha kugongana karibu mara mbili ya za mwenzake.

Habari njema ni kwamba mara nyingi vinundu havihitaji kisu. Matibabu ya kwanza ni kubadili namna ya kutumia sauti: kupumua vizuri, kuacha kukaza shingo na taya, kuanza noti bila kuipiga kwa koo, kupumzika. Yaani mwimbaji anayemkataa mwalimu kwa kuogopa kuharibiwa hupelekwa na daktari kufundishwa yale yale, safari hii akiwa mgonjwa. Elimu hizi mbili zimekuwa ndugu tangu zamani. Aliyetumia kioo kidogo na mwanga wa jua mwaka 1854 kuzitazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi huko London, na madaktari wa koo wakaifuata njia hiyo.

Kuhusu kuimba kizungu, mafunzo yenye afya hayakuchagulii ladha. Jo Estill, mwimbaji na mtafiti wa Marekani, aliichunguza kwa vipimo sauti ile ya kifua, kali na ya nguvu, akaifundisha kama ustadi wenye kanuni zake. Hapa kwetu, sikiliza rekodi za Muungano National Choir iliyoongozwa na Boniface Mganga, kwaya yenye nidhamu ya sauti kupita nyingi, uniambie kama umesikia mtu akijikana.

Nikiri upande wa pili jambo jingine, maana walimu hulisahau. Kumwambia mwimbaji apunguze sauti pengine ni kumwonea. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupandisha sauti bila hata kujijua. Kiongozi wa sifa asiyejisikia kwa sababu ya dramu atakaza koo, afundishwe asifundishwe. Spika moja ndogo inayomwelekea yeye inaweza kuliokoa koo lake kuliko mawaidha ya mwezi mzima, na hilo ni jukumu la anayesimamia vyombo na kamati inayotoa pesa.

Tangawizi na asali ni vitu vizuri na huliwaza koo, lakini unachokunywa hakigusi nyuzi za sauti. Kikizigusa utapaliwa. Maji husaidia baada ya mwili kuyatumia, kwa hiyo yanywewe tangu mapema, hasa katika jiji hili lililo karibu mita 1,700 juu ya bahari, na katika vumbi la Januari na Februari. Kinachonitia hofu ni peremende za kutia ganzi na vidonge vya maumivu vinavyomezwa ili ibada ya pili ipite. Vinazima kengele tu, na madhara yanaendelea. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3 ikatazamwe na daktari wa koo.

Pesa, nakubali, ni kikwazo cha kweli. Mwalimu wa faragha hulipwa kwa saa, na kijana wa kwaya huenda hana hata nauli ya matatu. Lakini mwalimu mmoja akiitwa na kwaya nzima, gharama inagawanyika. Mengi atakayowaachia hayana bei: kutetemesha midomo kwa noti zinazopanda na kushuka, kuvumisha wimbo midomo ikiwa imefumbwa, kutoa sauti kupitia mrija uliotumbukizwa kwenye glasi ya maji. Dakika 10 kabla ya ibada zinatosha kupasha sauti. Na mwalimu akikuacha koo likiuma kila baada ya somo, mwache utafute mwingine.

Kamati zinazonunua kinanda kipya zinaweza kutenga fungu la mwalimu, na zinaweza kupanga zamu ili kiongozi mmoja asiimbe ibada zote. Na dada anayeomba wimbo ushushwe toni moja siku ya ibada 3 ashushiwe, bila kuulizwa kama amepoa kiroho.