Msisubiri mfululizo uishe, anzeni kuusoma sasa

Kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi mno na sasa imenifika shingoni: "Nitausoma ukishakamilika." Unamwelezea mtu kitabu kwa moyo wote, unaona kabisa ameshanogewa, alafu anauliza viko vingapi, unamwambia vimetoka viwili na vingine vinakuja, basi hapo hapo anakirudisha mezani na mazungumzo yameisha. Juzi kafanya hivyo msomaji ninayemheshimu sana, mtu ambaye nusu ya fantasia niliyosoma maishani nimeipata kwa kuambiwa na yeye, na ndo nikaona hapana, hili lazima niliandike, maana limenikera na limeniuma pia.

Kitabu chenyewe ni The Tainted Cup cha Robert Jackson Bennett, kimetoka 2024. Cha pili, A Drop of Corruption, kimetoka 2025. Mfululizo unaitwa Shadow of the Leviathan. Cha kwanza ndicho kilichochukua Hugo, ile tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, kwa riwaya bora mwaka 2025, kwa hiyo siwaambii habari ya kitu kilichojificha, kipo wazi, kinasifiwa, na bado watu wanakipita kwa sababu eti hakijafika mwisho.

Ngoja niwape kionjo bila kuwaharibia uhondo. Kuna himaya, na upande wa mashariki kuna bahari, na kila msimu wa mvua yanatoka humo madubwana makubwa kama milima yanakuja nchi kavu. Himaya nzima imejengwa kuzunguka hilo jambo moja. Kuna kuta za bahari, kuna jeshi la kuzilinda, kuna wahandisi wa kuzikarabati mwaka baada ya mwaka, na kuna mafundi wa mimea na dawa wanaotumia damu ya hayo madubwana kubadilisha miili ya watu. Mmoja anapewa nguvu, mwingine anapewa pua ya kunusa kuliko mnyama, mwingine akili ya hesabu. Sasa kwenye nyumba moja ya kitajiri anakutwa ofisa wa uhandisi amekufa, na kilichomuua ni mti ulioota ghafla kutoka ndani ya mwili wake. Ukurasa wa kwanza tu huo.

Anayetumwa kwenda kuangalia ni kijana anaitwa Dinios Kol, Din kwa kifupi. Mwili wake umebadilishwa ili asisahau chochote, anabeba vichupa vya harufu, kila tukio analiweka kwenye kumbukumbu kwa harufu yake na akitaka kulikumbuka ananusa tena. Bosi wake ni Ana Dolabra, mpelelezi ambaye hatoki ndani, muda mwingi amefunga kitambaa machoni kwa sababu dunia inamwingia kichwani kwa wingi mno, alafu anakaa pale pale kwenye kiti anafumbua mambo ambayo watu waliokuwepo kwenye tukio hawakuyaona. Din anaenda, anaangalia, anarudi, anamsimulia kila kitu neno kwa neno. Na huyu kijana ambaye hasahau kitu, kusoma kunamtesa, herufi zinamchezea machoni, na analificha hilo kwa hofu kubwa. Mi hapo nikawa wa kwake moja kwa moja. Sijakutana na mhusika wa fantasia niliyemhurumia haraka hivyo kwa muda mrefu.

Haya, sasa turudi kwenye hii habari ya kusubiri.

Najua ilikotoka. Wote tunajua. A Dance with Dragons cha George R. R. Martin kilitoka 2011 na mpaka leo watu wanangoja cha baada yake. The Wise Man's Fear cha Patrick Rothfuss nacho 2011, hivyo hivyo. Watu wameumizwa, nakubali, na mtu aliyewahi kukaa na swali moja kichwani zaidi ya miaka kumi ana haki ya kuwa mwoga. Lakini jamani, waandishi wawili tu ndo wawe sababu ya kuwaadhibu waandishi wengine wote duniani? Yaani mwandishi mpya anaandika, anahangaika, kitabu chake cha kwanza kinatoka, na wasomaji wanamwambia maliza kwanza vyote ndo tutakuja. Atamalizaje? Mchapishaji anaangalia cha kwanza kimeuzaje ndo anaamua kama anataka cha tatu. Kitabu cha kwanza kisiponunuliwa hakuna cha tatu, hakuna kukamilika, alafu wale wale waliosubiri watakuja kusema mnaona, tulisema hautaisha. Mfululizo mnauua wenyewe kwa kuusubiri! Hili ndo linanichoma kuliko yote. Kuna mifululizo mizuri imekatwa katikati, na mwandishi hakuishiwa maneno, ni kwamba waliokuwa wanaupenda walikuwa wamekaa pembeni wanangoja. Na mauzo ya mwanzo hayajui kwamba wewe una nia njema, hayajui kwamba jina la kitabu umeliandika kwenye orodha yako na unakikumbuka kila wiki, yanajua tu kwamba hukukinunua, hukukiazima maktaba, hukumwambia mwenzio.

Na siongelei hela tu. Kuna raha ambayo huwezi kuipata ukija mwishoni. Wale waliosoma The Two Towers, kitabu cha pili cha The Lord of the Rings ya Tolkien, ilipotoka Novemba 1954 waliachwa na Frodo, mhusika mkuu, mikononi mwa maadui mpaka cha tatu kilipotoka Oktoba 1955, karibu mwaka mzima, na nina hakika hakuna msomaji wa leo, mwenye vitabu vyote vitatu vimefungwa pamoja, anayelisikia lile pigo kama walivyolisikia wao. The Wheel of Time ya Robert Jordan ilianza 1990, mwenyewe akafariki 2007, mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, akaja kuimalizia 2013. Waliokuwemo safarini tangu mwanzo walikua nayo, waliomboleza nayo, wakaumaliza mwendo pamoja. N. K. Jemisin naye, vitabu vyake vitatu vya Broken Earth kila kimoja kilichukua Hugo, 2016, 2017, 2018, na wasomaji walikuwa wanakutana na kimoja kila mwaka, wanabishana, wanakisia, wanarudi kusoma upya cha nyuma kutafuta dalili. Ule muda wa katikati nao ni sehemu ya kusoma! Kichwa kinaendelea na hadithi wakati kitabu kimefungwa. Ukivisoma vyote kwa wiki moja utajua kilichotokea, sawa, lakini hutakuwa umekaa na swali, hutakuwa umemshuku mtu wa kubuniwa kwa miezi, hutakuwa na rafiki ambaye mmegombana kwa ajili ya mhusika ambaye hayupo.

Alafu hata kama unataka kushikilia msimamo wako wa kusubiri, kwa mfululizo huu hauna mashiko kabisa, kwa sababu vitabu vyenyewe ni vya upelelezi. Kila kimoja kina kesi yake na kesi inafungwa humo humo. Muuaji anajulikana, sababu inajulikana, njia inajulikana. Cha pili kinaanza na kesi nyingine mahali pengine, ofisa wa hazina ametoweka kwenye chumba kilichofungwa, juu kabisa kwenye mnara, na eneo lenyewe bado lina mfalme wake na halijaingia rasmi kwenye himaya. Hamna kuachwa unaning'inia na swali la muuaji. Kinachoendelea kutoka kitabu hadi kitabu ni maisha ya Din, na lile swali kubwa la Ana ni nani hasa, na hayo madubwana ni nini, lakini chakula cha siku unakuwa umeshiba.

Na mwandishi huyu si wa kuachia watu njiani. Divine Cities, vitabu vitatu, 2014 mpaka 2017, kamaliza. Ule wa Foundryside, vitatu tena, 2018 mpaka 2022, kamaliza. Mtu ameshatimiza ahadi mara mbili, unataka akuwekee rehani?

Kinachonifanya niupiganie huu kuliko mingine iliyotoka karibuni ni kitu ambacho sikukitegemea. Fantasia imetuzoesha mteule. Kijana fulani ana damu ya kifalme, au ana alama, au alitabiriwa, na dunia nzima inakaa kumngoja yeye aje aiokoe. Hapa hakuna mteule. Dunia inaokolewa kila mwaka na watu wanaochanganya zege na kuhesabu magogo. Ukuta wa bahari umesimama kwa sababu mtu aliukagua mwezi uliopita na mtu mwingine akasaini kwamba umekaguliwa na kweli ulikuwa umekaguliwa. Ndo maana ufisadi kwenye vitabu hivi unatisha kuliko madubwana yenyewe. Mtu akiiba kwenye karakana, akihonga ofisa mmoja, akificha karatasi moja, basi mahali fulani ukuta unakuwa mwembamba na mvua zinakuja. Sijawahi kusoma fantasia iliyonifanya niwe na hasira juu ya ripoti iliyofichwa. Mwishoni mwa A Drop of Corruption mwandishi ameweka maelezo mafupi kuhusu jinsi fantasia inavyopenda wafalme na kwa nini yeye hawapendi, na baada ya kukisoma chote utakuwa umeshamwelewa kabla hajasema.

Na Din si shujaa wa kuimbwa. Yuko kazini. Anafanya kazi kwa sababu kwao wanahitaji mshahara wake. Anachoka, anaogopa, anamkasirikia bosi wake, na asubuhi anaamka anaenda tena. Mi wahusika wa namna hii nawapenda kuliko wenye panga za moto.

Kasoro zipo. Kurasa za mwanzo zina vyeo vingi vyenye majina ya kama Kilatini na usipokuwa makini utachanganya nani mkubwa wa nani, ingawa kwa kweli baada ya sura tatu nne hutajali tena. Mapenzi yamepitishwa kwa haraka, ningetaka zaidi. Na wale wasiopenda eneo la mwisho ambapo mpelelezi anakusanya watu na kueleza kila kitu kwa kirefu, basi wajue limo na ni refu. Mimi nalipenda hilo eneo, wewe kama hulipendi sitakulazimisha. Pia miili inabadilishwa sana humu, mimea inaingia kwenye nyama, mwenye moyo mwepesi asisome usiku akiwa peke yake.

Anayependa upelelezi lakini fantasia inamchosha, mpeni huu. Anayependa fantasia lakini amechoka na ramani na unabii, mpeni huu. Mtu anayetaka vita kila baada ya sura mbili atafute kingine, vita vipo kwa mbali na vinasikika zaidi ya vinavyoonekana.

Kuhusu mpangilio, kuna watu wanasema unaweza kuanza na cha pili kwa kuwa kesi ni nyingine. Kesi utaielewa, ndiyo, lakini usifanye hivyo. Anza na The Tainted Cup, kwa sababu mwanzoni Din anamwogopa Ana na hajui kama atabaki kazini, na ile namna wanavyozoeana, kidogo kidogo, yeye akijifunza lini amwamini na lini ambishie, ndiyo inayoubeba mfululizo wote, na ukiiruka utakutana na watu wawili walioshazoeana na hutajua iliwagharimu nini. Soma polepole. Dalili zote anakuonyesha, hafichi kitu, ukifika kwenye jibu rudi nyuma uangalie, utazikuta pale pale ulipozipita. Na ukimaliza, tafadhali mwambie mtu mwingine mmoja, leo hii, wakati vitabu bado ni viwili.