Kazi ikikatika ghafla: notisi ya chekechea Uingereza, notisi ya dada nyumbani

Watanzania tulioko Uingereza wimbo wetu ni ule ule: kulea mtoto huku ni gharama, nyumbani kuna dada. Kwa mwezi wa kawaida ni kweli. Ila mwezi ambao kazi imekatika ghafla, hesabu hiyo haisimami tena. Huku hasara ina tarehe, imeandikwa kwenye mkataba, na unaibeba mwenyewe. Nyumbani hasara ile ile tunamtwisha dada wa kazi kwa kumwambia "mwezi huu ndio wa mwisho", kisha tunasifia unafuu wa maisha ya kwetu. Unafuu huo anaulipia yeye, na mimi naona si haki.

Tuanze na huku. Ninayoeleza yanahusu England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Kinachowakwamisha wengi ni notisi mbili zisizolingana. Sheria inamtaka mwajiri akupe notisi ya angalau wiki 1 ukishafanya kazi mwezi mmoja, na inabaki hapo hadi utimize miaka 2. Baada ya hapo ni wiki 1 kwa kila mwaka kamili, mwisho wiki 12. Mkataba unaweza kukupa zaidi, kwa hiyo usome kabla ya kitu kingine chochote. Chekechea nazo kwa kawaida zinataka wiki 4 au mwezi mzima. Tuseme umefanya kazi mwaka mmoja na nusu, umeambiwa Jumatatu tarehe 2 Machi kwamba kazi imekwisha, mtoto anakwenda siku 3 kwa wiki kwa paundi 70 kwa siku. Mshahara unaishia tarehe 9. Hata ukiandika notisi ya chekechea siku hiyo hiyo, wiki 4 zinaisha tarehe 30. Katikati kuna wiki 3 zisizo na mshahara, paundi 630. Ukikaa wiki mbili kwa aibu au kwa kungoja upepo utulie, unaongeza paundi 420 juu yake.

Pamoja na hayo, sishauri kufuta nafasi ya mtoto siku ya kwanza. Usaili hauji na ratiba ya mtoto, na mwajiri mpya akikwambia uanze wiki ijayo huku chekechea ina foleni ya miezi, kazi unaikosa. Omba kupunguza siku: kutoka 3 kwenda 1, au siku nzima kwenda nusu siku. Uliza kwanza kama kupunguza nako kunahitaji notisi, maana mara nyingi kunahitaji. Barua pepe iwe fupi: jina la mtoto, tarehe ya leo, siku unazopunguza, tarehe ya mwisho kwa mujibu wa mkataba, na swali moja la amana: itakatwa kwenye ankara ya mwisho au itarudishwa lini? Usimweleze mwalimu mlangoni ukadhani umetoa notisi. Mlangoni hakuna tarehe. Ukiwa umeondoka kabisa na nafasi ikapata mtoto mwingine kabla notisi haijaisha, andika uombe ada ya siku hizo ipunguzwe. Sheria ya haki za mlaji ya 2015 haikubali masharti yanayomtoza mteja kupita kiasi kulinganisha na hasara halisi ya mtoa huduma.

Sasa saa za bure za malezi, zile zinazolipiwa na serikali. Tangu Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi wanapata saa 30 kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka, kuanzia muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miezi 9. Chekechea nyingi huzitandaza mwaka mzima, zikawa kama saa 22 kwa wiki. Kila mzazi anatakiwa awe anapata angalau sawa na saa 16 kwa wiki za kima cha chini cha mshahara, na taarifa zinathibitishwa upya kila miezi 3. Mmoja wenu akipoteza kazi, sifa inapotea, lakini nafasi haikatiki siku hiyo. Kuna muda wa neema, na urefu wake unategemea tarehe ambayo mamlaka ya kodi (HMRC) imeamua kwamba sifa imekoma. Uamuzi ukitoka kati ya tarehe 1 Januari na 10 Februari, malipo ya serikali yanaendelea hadi 31 Machi. Kati ya 11 Februari na 26 Mei, hadi 31 Agosti. Kati ya 27 Mei na 21 Oktoba, hadi 31 Desemba. Kuanzia 22 Oktoba hadi mwisho wa mwaka, hadi 31 Machi. Angalia mwezi wa Februari: tofauti ya siku moja ni tofauti ya miezi 5 ya malezi. Wazazi wengi hawaambiwi hili. Wanamtoa mtoto kwa hofu, na wakishamtoa, neema haiwasaidii kuanza nafasi mpya. Inalinda ile ambayo mtoto tayari anayo. Usidanganye tarehe, ila zijue, na kabla ya kusaini chochote uliza chekechea na halmashauri tarehe yako inaangukia wapi.

Kwa mwenye visa ya kazi mambo ni magumu zaidi. Ikiwa wewe na mwenzako wote mna sharti la kutotumia fedha za umma, yaani posho za serikali, saa 30 hizo hazikuhusu, wala Tax-Free Childcare, ile akaunti ambayo serikali huongeza paundi 2 kwa kila 8 unazoweka. Mnalipa ada kamili, na notisi inawauma kamili. Hapo hapo mdhamini wako, yaani mwajiri aliyekudhamini visa, anatakiwa kuripoti ndani ya siku 10 za kazi kwamba umeondoka, na barua ya Home Office, wizara inayoshughulikia uhamiaji, kwa kawaida hukuachia siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kwa hiyo notisi ya chekechea ipange ndani ya siku 60 hizo: ukiitoa mapema huna pa kumweka mtoto unapotafuta kazi, ukichelewa unadaiwa ukiwa njiani kurudi. Mambo mawili yanabaki wazi kwenu pia. Saa 15 za bure kwa wiki za watoto wote wa miaka 3 na 4 hazijali visa, na zinaanza Januari, Aprili au Septemba inayofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 3. Na New Style JSA, posho ya asiye na kazi inayotokana na michango yako ya National Insurance (bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara), haimo kwenye orodha ya fedha za umma; mwenye michango ya kutosha anaweza kuiomba, hadi miezi 6.

Wenye ruhusa ya kuomba Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi, waangalie mpangilio wa malipo ya mwisho. Mshahara wa mwisho, likizo ambayo hukuchukua na malipo badala ya notisi vikiingia baada ya kuomba, vinahesabiwa kama kipato cha mwezi ule na vinaweza kumeza malipo ya kwanza. Malipo ya kwanza yenyewe yanachukua kama wiki 5. Ukipunguzwa kazini baada ya miaka 2, kiinua mgongo cha kisheria ni kitu tofauti na notisi, na hakikatwi kodi hadi paundi 30,000. Malipo ya notisi yanakatwa. Daini karatasi inayotenganisha vitu hivyo.

Neno moja kuhusu kusaidiana, kwa sababu tunapendana na tunajikuta pabaya. Mwenzetu akimlea mtoto wako kwake kwa malipo zaidi ya saa 2 kwa siku, na mtoto hajafika miaka 8, anatakiwa awe amesajiliwa. Akikulelea bure kama rafiki ni jambo jingine. Na bibi aliyekuja kwa visa ya matembezi anaweza kukaa na wajukuu, lakini hawezi kuwa mlezi wa kuajiriwa.

Haya, nyumbani. Wengi wetu tuna mtoto aliyebaki kwa bibi Morogoro au Moshi, na dada tunayemlipa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Kazi ya Manchester ikikatika, wa kwanza kukatwa ni huyo dada, tena kwa ujumbe wa WhatsApp kupitia kwa shangazi. Tunachosahau ni kwamba dada ni mfanyakazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamgusa kama inavyomgusa karani wa benki. Akilipwa kwa mwezi na amepita mwezi wa kwanza, notisi ni siku 28, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe. Ukitaka aondoke leo, unamlipa siku hizo. Amefanya kazi zaidi ya miezi 12 na unamwondoa kwa sababu huna uwezo tena? Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, gawa mshahara wa mwezi kwa 26 upate wa siku: wa shilingi 150,000 kwa miaka 3 ni siku 21, yaani kama shilingi 121,000. Ongeza likizo ambayo hakuchukua.

Halafu nauli. Kama ulimtoa Singida kuja Dar es Salaam, sheria inakutaka umrudishe alikotoka, yeye na mizigo yake, au umlipe nauli, na umpe posho ya kujikimu siku anazongoja usafiri. Binti kuachwa stendi ya Magufuli na begi bila nauli ni kosa la kisheria, achilia mbali utu.

Kwa mzazi mwenye ajira rasmi nyumbani, msaada upo ingawa wengi hatuuchukui. NSSF ina fao la upotevu wa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Ndiyo maana usikubali kuandika barua ya kujiuzulu kwa kubembelezwa na ofisi ya utumishi "ili mambo yaende vizuri". Barua hiyo inafuta fao. Na kama unaona umeachishwa isivyo halali, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Msimamo wangu ni kwamba tulio nje tumejifunza tayari kuheshimu notisi, kwa sababu chekechea ingetudai. Dada hana ankara wala wakili, na hatatudai. Basi tumpe kwa hiari tunachompa mwenye mkataba: siku mshahara unapoingia, weka kando fedha ya notisi yake ya siku 28 kabla ya kutuma matumizi mengine, na punguza siku zake za kazi kabla ya kumwondoa kabisa, kama unavyofanya na chekechea. Akiondoka, mpe pia cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akitoe. Ukurasa mmoja unatosha: jina lake, kazi aliyofanya, tarehe aliyoanza na aliyomaliza, mahali, na namba ya simu ambayo mwajiri mpya akipiga itapokelewa.