Ghorofa au kuchimba mlima: kodi ya majengo na nyumba za Kigoma

Jirani yangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, alinunua kiwanja kwenye mteremko, upande unaoshuka kuelekea ziwani. Kwa macho ni kiwanja cha kutamanisha: ukisimama juu unaliona Ziwa Tanganyika lote mbele yako na, siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo ng'ambo. Tatizo ni kwamba sehemu ya nyuma iko chini kuliko ya mbele kwa zaidi ya kimo cha mtu. Fundi akampa njia mbili. "Mama, ama tuchimbe huku juu tupate tambarare, ama tuinue nguzo huku chini, upate vyumba viwili na stoo chini ya sebule." Mama akauliza jambo moja tu: "Hiyo ya pili si itahesabiwa ghorofa?" Fundi akasema hajui watakaokuja kuhesabu wataionaje. Basi wakachimba.

Swali lile lina msingi. Tangu Julai 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme, mtu anaponunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa na 60,000 kwa kila ghorofa mijini. Mwaka wa fedha 2023/24 ikapanda hadi 18,000 na 90,000, yaani 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya chini na 7,500 kwa kila ghorofa. Nyumba ya chini inaweza kuwa na vyumba vitatu au kumi, kiwango ni kilekile. Ukipanda juu, sakafu moja inalipiwa mara tano.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito, na mimi siipuuzi. Kumthamini kila mwenye nyumba kunahitaji wathamini, magari, madaftari, na muda. Halmashauri nyingi hazikuwa navyo, nyumba nyingi zikabaki nje ya vitabu miaka nenda rudi. Kiwango kimoja hakina majadiliano mlangoni wala mtu wa kupunguziwa kwa sababu anajuana na fulani. Mwenye nyumba anajua mapema atalipa nini, na analipa kidogo kidogo. Tena nyumba za udongo na za nyasi za kuishi zimesamehewa, jambo la haki katika mkoa ambao wengi bado wanajenga kwa tofali bichi.

Pia niseme wazi: kodi peke yake haimzuii mtu kujenga ghorofa. Shilingi 90,000 kwa mwaka hazifikii mifuko kumi ya saruji. Kinachomrudisha mtu nyuma ni zege la slabu, nondo, mbao za kushikilia, na fundi anayeijua kazi hiyo. Jirani yangu angeweza kuimudu kodi. Asichokijua ni kama vyumba vya chini ya sebule ni ghorofa au ni msingi uliotumika vizuri, na mtu mwenye fedha za kudunduliza haweki fedha zake mahali asipopajua.

Hapo ndipo ninapoona kasoro. Sheria inayotofautisha nyumba ya chini na ghorofa imeandikwa kana kwamba ardhi yote ni bapa. Kwa Ujiji, kwenye tambarare, hilo linafaa. Kule nyumba ya Kiswahili imekaa vizuri karne nzima: baraza mbele, ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba kulia na kushoto, jiko na choo nyuma, mwembe wa kivuli kando. Inatanuka kwa upana kwa sababu uwanja unaruhusu. Ukiichukua nyumba hiyohiyo ukaileta mteremkoni Mwanga, lazima kwanza uukate mlima ili upate pa kuilaza.

Na kuukata mlima kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya LUKU. Udongo uliochimbwa hutupwa upande wa chini, kwa jirani. Gema lililobaki upande wa juu wa nyumba halina mizizi tena. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili zikija, maji yaliyokuwa yakitambaa polepole kwenye majani yanapata njia iliyonyooka, na baada ya misimu michache njia ya miguu inakuwa korongo. Mchanga wote unaishia ziwani. Nyumba ya kufuata mteremko, yenye sakafu mbili zilizopishana kama ngazi, huacha sehemu kubwa ya udongo ilipo.

Kuna jambo jingine linalovuta upande wa pili kabisa. Kodi ya pango la ardhi hutozwa kwa ukubwa wa kiwanja, kwa hiyo ardhi ndogo ina nafuu. Kodi moja inakuambia ubane, nyingine inakuambia utandae. Na ziwa nalo lina lake: maji yalipopanda mwaka 2020, na tena 2024, nyumba za mwambaoni ziliingiliwa, na mtu anayehama huko hana pa kwenda ila juu, kwenye miteremko ileile.

Upande wa pili nao unastahili kusikilizwa. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitikisa ziwa na miji yake. Nguzo zilizomwagwa kwa zege la kupimwa kwa macho, bila mhandisi, juu ya udongo uliojazwa, zinaweza kuua familia. Mtu anayesema ni afadhali wengi wabaki na nyumba za chini ana sababu, na mimi ningemwogopa fundi anayeinua nguzo bila kuuliza udongo una nini. Lakini kinga ya hilo ni kibali cha ujenzi na mkaguzi anayefika kiwanjani. Kodi haiwezi kuifanya kazi hiyo, maana mita ya umeme haioni nondo wala mteremko.

Kwa hiyo mimi nisingeomba kiwango kimoja kiondolewe. Kinaeleweka, na watu wameshakizoea. Ningeomba kitu kidogo: iandikwe wazi kwamba sakafu inayopatikana chini ya nyumba kwa sababu ya mteremko, ikiwa imekaguliwa, hailipiwi kama ghorofa. Manispaa ya Kigoma Ujiji ina maofisa ardhi wanaoijua milima hii kwa miguu yao. Wao wanaweza kuipima tofauti hiyo vizuri kuliko kompyuta iliyo mbali.

Jirani yangu amehamia. Nyumba ni nzuri, bati la bluu, madirisha ya aluminiamu. Mvua za Machi gema lilishuka kiasi cha toroli kadhaa hadi ukuta wa jikoni, na sasa ananunua mawe kwa tripu ili ajenge ukuta wa kulizuia. Tripu ya nne ilishushwa jana jioni. Alisimama kando akiyahesabu mawe, kisha akamuuliza fundi kama yatatosha kufika kona. Fundi akasema tripu tatu zaidi.