Nilivyotaka kupita chini ya rada ya mama mwenye nyumba

Mpangaji mwenzangu Mudi kashawarushia habari yake ya jana, eti nilikutwa natambaa uani na ndoo kichwani. Muongo. Lilikuwa beseni.

Mnajua kijiweni mimi ndiye mchambuzi wa majeshi. Juzi nikawashushia somo la rada mpaka kahawa ikapoa. TPS-77 ya Marekani, nikasema, inaona ndege zaidi ya kilomita 400, na inajua iko upande gani na juu kiasi gani. Ila dunia ni duara, kinachopita chini kinajificha nyuma ya mviringo wake. Ndege ikiruka mita 10,000 inaonekana mbali huko. Ikishuka mita 100, rada iliyo chini uwandani haiioni mpaka ibaki kama kilomita 40. Tena inachuja na kutupa visivyosogea: mlima, nyumba, mnazi.

Haya. Kodi nadaiwa miezi miwili. Jana saa mbili usiku umeme hakuna, mama mwenye nyumba yuko kibarazani na tochi, anachambua mchele. Nikajiambia, kamanda, shuka chini.

Nikalala tumbo. Goti la kwanza, salama. Goti la pili likatua kwenye maji ya dagaa, nikavumilia. Nikafika usawa wa kandambili zake, moja imefungwa waya. Ungo ukanyamaza. Nikaganda. Mimi mnazi, najiambia, mimi mnazi. Tochi ikaja taratibu, ikanipita mgongoni, ikaenda mpaka bombani. Jamani, si ningetulia tu! Nikaona beseni limefunikwa pembeni, nikalivuta nijifunike.

Chini yake alilala kuku na vifaranga vyake.

Sikujua kuku anaweza kumpiga mtu makofi. Tochi ikarudi, ikatua makalioni, ikabaki hapo hapo.

"Baba wa chumba cha nne?"

Nikajibu kutoka ndani ya beseni: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umedondosha nini?"

"Funguo."

Na funguo ziko shingoni zinalia kama njuga.

Wapangaji wakatoka, Mudi na simu yake mbele, nikalipa mwezi mmoja na kifaranga kimoja. Yameisha.

Leo nimekwenda kijiweni, nimekaa pembeni, sijafungua mdomo. Muuza kahawa ananimiminia, anauliza kwa heshima zote: "Kamanda, jana uliruka mita ngapi?"