Usifagie Kabati Lako Ukaita Msaada

Likitokea janga, yawe mafuriko, tetemeko au vita, hazipiti siku tatu picha ile inaanza kuzunguka: rundo la mifuko na makopo, watu wametabasamu mbele yake, bango nyuma. Pongezi zinamiminika. Rundo hilo litapikwa na nani, kwa moto gani na maji gani, hilo halimhusu mtu.

Chukua maharage tu. Tuseme kilo 60, zilizochangwa nusu kilo nusu kilo na nyumba 120. Kwa macho ni neema. Yamwage sufuria moja uone. Mengine ni ya msimu huu, mengine yamelala kabatini miaka miwili kwenye joto na unyevu, na maharage yaliyolala hivyo huwa sugu, hayalainiki hata uyakeshee. Baada ya saa mbili nusu ya sufuria imekuwa uji, nusu bado kokoto. Mpishi hana la kufanya ila kuongeza moto, na moto ndicho kitu asichokuwa nacho. Kuyachambua kwa aina na umri? Watu wanne asubuhi nzima, watu ambao walitakiwa wawe wanachota maji.

Sasa kiasi hichohicho kingekuwa aina moja, kutoka kwa muuzaji mmoja. Yanalowekwa kuanzia jioni kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji ya kulowekea yanamwagwa, yanachemshwa kwa nguvu yasipungue dakika 10 (30 ni salama zaidi), ndipo moto unapunguzwa yaive. Hapo pa kuchemsha hapana mjadala, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu inayoharibiwa na mchemko wa kweli, wala si moto wa kubembeleza. Nyanya na chochote kichachu kisubiri mpaka yalainike, la sivyo hayatalainika.

Hesabu ya jiko la dharura si siri. Mtu mmoja hupangiwa kilokalori 2,100 kwa siku. Mlo mmoja wa watu 100 ni mchele kilo 10, maharage makavu kilo 6, mafuta lita 2 na chumvi yenye madini joto. Hiyo ni kama kilokalori 720 kwa kila sahani, theluthi moja ya siku. Mchele huo ugawe sufuria mbili. Ukiulazimisha kwenye moja, wa chini unaungua wa juu ukiwa mbichi. Kuosha, kuloweka na kupika vitameza zaidi ya lita 50 za maji kabla hujasuuza hata upawa mmoja, wala hujaweka ndoo na sabuni mahali foleni inapoanzia. Na kuni au gesi? Bila nishati, gunia la mchele ni mto wa kulalia. Bado sijaona picha ya watu wametabasamu mbele ya mitungi ya gesi.

Ndiyo maana nasema pesa kwanza. Pesa hununua kuni leo, mafuta kesho, na humwachia mwenye duka la karibu riziki yake.

Haya, nakubali, japo kwa shingo upande: kuna mahali soko limekufa kabisa, barabara zimekatika, na noti hapo ni karatasi tu. Hapo leteni chakula. Na siku mbili tatu za mwanzo, kabla jiko halijawaka, chakula kisichohitaji kupikwa ni mkombozi. Ila kiwe cha aina moja, katoni nzima, tarehe inasomeka.

Kosa lingine halionekani kwenye picha, ni la baada ya kupika. Chakula kimebaki, mtu anafunika sufuria "cha kesho". Wali uliopikwa hubaki na mbegu za bakteria ambazo mchemko hauziui; ukipoa polepole katikati ya sufuria kubwa, huchipua na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Chakula kikae juu ya nyuzi joto 60 mpaka kiishe, au kisimalize saa 2 nje. Kama lazima kibaki na kuna barafu au friji, kitandazwe kwenye sinia kwa kina cha sentimita 5 kipoe upesi. Kama hakuna, pika kidogo kidogo, mara mbili. Kumwaga kilichobaki kunauma, lakini watu 100 kuharisha kwenye vyoo vitatu kunauma zaidi.

Halafu maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Hapa naomba tuache mzaha. Usitume. Usichangishe. Yanahitaji maji safi yaliyochemshwa, kipimo sahihi na chombo kilichooshwa, mambo matatu ambayo janga limeyachukua. Mama akianza kuyatumia kwa sababu yamegawiwa bure, maziwa yake mwenyewe yanapungua, na msaada ukikatika wiki ya tatu hakuna cha kurudi nyuma. Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, watoto wadogo waliopewa maziwa ya msaada waliharisha takriban mara mbili ya wenzao ambao hawakupewa. Unataka kumlisha mtoto? Mlishe mama: anayenyonyesha anahitaji kama kilokalori 500 zaidi kwa siku, maji mengi na mahali penye faragha. Mtoto asiye na mama ni wa mhudumu wa afya, na anyweshwe kwa kikombe, si chupa, kwa kuwa chupa haioshiki vizuri.

Aliyekaa na njaa kali siku nyingi naye asiandaliwe karamu. Mwili wake ukipokea chakula kingi ghafla, madini kwenye damu huporomoka na moyo unaweza kusimama. Huyo apelekwe kwa wahudumu wa afya.

Kabla hujatuma chochote, mpigie anayepika. Si msemaji, si mwenyekiti wa kamati, yule mwenye mwiko. Muulize kimeisha nini. Na akisema makopo, basi tuma na opena.