Kibonde Hata Kufungwa Hajui, Utamtabiri Vipi?

Huku kwetu timu ikishika mkia inashuka daraja. Aibu, kilio, mnahamia viwanja vya vumbi, yameisha. Wamarekani kwenye futiboli yao ya helmeti wakaona huo ni ukatili. Kwao kibonde anapewa zawadi: anatangulizwa kwenye foleni ya kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Wanaiita drafti, na usiichanganye na ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ile ya vizibo ina akili zaidi, maana ukiliwa kete mbili kizembe unachekwa papo hapo. Hii ya NFL, ligi yao kuu, unasubiri miaka mitatu ndipo ujue ulichekesha kiasi gani.

Wazo lilitoka kwa Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ambayo kwa bahati tu ndiyo ilikuwa kibonde wakati huo. Drafti ya kwanza ikafanyika 1936, Bell akawa wa kwanza kuchagua, akamtaja Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Haki zake zikauzwa kwa Chicago Bears, wakashindwana mshahara, na kijana hakucheza NFL hata dakika moja. Nuksi ilianza na zamu ya kwanza kabisa. Halafu mtu anakuja Novemba, timu yake ina ushindi mmoja, anasema kwa kifua mbele, "Yule kijana ni wetu!" Wenu kivipi? Hata foleni haijapangwa.

Foleni yenyewe ina mambo. Timu ni 32. Zinazoingia mtoano ni 14, na 18 zilizobaki zinapangwa kinyumenyume: mwenye ushindi mchache zaidi anatangulia. Mkilingana hakuna cha tofauti ya magoli. Wanajumlisha rekodi za wapinzani wote mliokutana nao katika mechi 17, na aliyecheza na wapinzani dhaifu zaidi ndiye anatangulia, kwa hoja kwamba kama umechapwa na wanyonge, wewe ndiye mnyonge wao. Msimu wa 2024 Tennessee Titans, Cleveland Browns na New York Giants walimaliza wote na ushindi 3 na vichapo 14. Hesabu hiyo ikawapanga hivyo hivyo: Titans zamu ya kwanza, Browns ya pili, Giants ya tatu. Kwa hiyo wiki ya mwisho shabiki wa kibonde anaombea timu yake ifungwe, na papo hapo anaombea na timu asizozipenda wala kuzichukia zifungwe, kwa sababu tu walikutana nazo Oktoba. Hiyo ni dini gani jamani?

Na dua zenyewe hazipokelewi, kwa sababu kibonde hata kufungwa hajui. Angalia New York Jets 2020. Wamepoteza mechi 13 mfululizo, kazi nzuri kabisa, na mbele yao yuko Trevor Lawrence, mrusha mpira aliyekuwa akisubiriwa na nchi nzima. Wanakwenda kuifunga Los Angeles Rams 23 kwa 20, halafu wanashinda na mechi iliyofuata! Jacksonville Jaguars, waliojua kufungwa kwa heshima, wakamaliza na ushindi 1 na vichapo 15, wakamchukua Lawrence. Jets wakabaki na zamu ya pili na Zach Wilson. Msimu wa 2024 New England Patriots walihitaji kitu kimoja tu siku ya mwisho: kupoteza kwa Buffalo Bills ili wapate zamu ya kwanza. Bills wakawapumzisha nyota wao, Patriots wakashinda 23 kwa 16, wakashuka hadi zamu ya nne, na kocha Jerod Mayo akafukuzwa siku hiyo hiyo. Ukishinda unafukuzwa, ukifungwa unafukuzwa.

Lakini usiwalaumu wachezaji. Kijana anayekuja kwa zamu ya kwanza anakuja kuchukua namba ya mtu, na mwenye namba amevaa helmeti yuko uwanjani. Unataka ajirushe chini ili mrithi wake aje? Kocha naye anapigania kibarua cha wiki moja zaidi. Anayenufaika na kufungwa ni yule wa ofisini mwenye suti, na yeye harushi mpira. Kwa hiyo mtabiri akikuambia timu "itajiachia", muulize ni nani hasa atakayejiachia.

Kisa kinachonikera kuliko vyote ni cha Januari 2023, na hiki nakieleza taratibu kwa sababu kina mikia mingi. Houston Texans wanacheza na Indianapolis Colts, mechi ya mwisho. Wakifungwa, zamu ya kwanza ni yao. Wako nyuma, dakika ya mwisho, jaribio la nne na la mwisho, wanahitaji yadi 20. Hapo hata ukitaka kushinda huwezi. Wakaweza. Wakapata na pointi mbili za nyongeza, wakashinda 32 kwa 31. Usiku huo huo kocha Lovie Smith akafukuzwa, na zamu ya kwanza ikaangukia kwa Chicago Bears. Bears wakaiuza kwa Carolina Panthers, ambao wakamchagua Bryce Young. Texans, wale waliojiharibia, wakamchukua C.J. Stroud kwa zamu ya pili, na Stroud ndiye akawa mchezaji mpya bora wa mashambulizi wa 2023.

Sasa angalia bei waliyolipa Panthers. Watu wa Dallas Cowboys walitengeneza jedwali la pointi la kupimia thamani ya kila zamu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo wengi wanaanzia hapo: zamu ya kwanza pointi 3,000, ya pili 2,600, ya tatu 2,200, ya tisa 1,350, ya 32 ni 590. Panthers walitoa zamu ya 9 na ya 61, ambayo ni pointi 292. Jumla 1,642. Kulikuwa na pengo la 1,358, wakaliziba na mpokeaji wao mahiri DJ Moore, zamu ya raundi ya pili (mzunguko wa pili wa foleni) ya 2025, na zamu ya raundi ya kwanza ya 2024. Hiyo ya mwisho ndiyo sumu. Ukiuza zamu ya mwakani unauza kitu usichojua ukubwa wake. Panthers wakamaliza 2023 na ushindi 2 na vichapo 15, wakashika mkia wa ligi nzima, na zamu ya kwanza ya 2024 ikaenda Chicago, ambako Bears walimchukua Caleb Williams. Mwenye nyumba kapanga chumba kwake mwenyewe.

Haya, umeshajua zamu. Sasa nani atachaguliwa? Wabobezi watakuletea mbio za yadi 40, kama mita 36 na nusu, pale Indianapolis vijana wanakopimwa kabla ya drafti, na upana wa kiganja umepimwa kwa sehemu ya nane ya inchi kama mtu anashona glavu. Viache kwanza. Anza na swali moja: timu ina kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, au haina? Kuanzia 2018 hadi 2025 zamu ya kwanza ilikwenda kwa kwotabeki mara 7 kati ya 8. Mara moja iliyobaki, 2022, Jaguars walikuwa tayari na Lawrence. Na hata hapo watabiri walimwimba Aidan Hutchinson wa Michigan miezi mizima, Jaguars wakamchukua Travon Walker wa Georgia.

Sababu ya ulafi huu ni mshahara. Mwaka 2010 Sam Bradford, wa kwanza kuchaguliwa, alisaini miaka 6 kwa dola milioni 78. Mwaka uliofuata wakaweka kikomo kwa wachezaji wapya, na Cam Newton akasaini miaka 4 kwa dola milioni 22 hivi. Kwotabeki mpya akawa bidhaa ya bei nafuu, na bei nafuu mnajua inavyofanya watu sokoni.

Swali la pili: nani ameshika kalamu? Kocha mpya hapendi kwotabeki wa mtu mwingine, kama vile bibi harusi hataki masufuria ya mke aliyetangulia. Arizona Cardinals walimchagua Josh Rosen zamu ya 10 mwaka 2018. Msimu ukaisha na ushindi 3, kocha Steve Wilks akaondolewa baada ya mwaka mmoja, akaja Kliff Kingsbury, na 2019 wakamchukua Kyler Murray zamu ya kwanza. Rosen akauzwa Miami kabla hajazoea njia ya kwenda mazoezini. Aliyeangalia "mahitaji ya kikosi" alisema kwotabeki wanaye. Aliyeangalia nani kafukuzwa alipatia.

Halafu kuna ziara. Kila timu inaruhusiwa kuwaalika vijana 30 makao makuu kabla ya drafti. Orodha hiyo ikivuja isome, ila kwa jicho moja. Kibonde aliye zamu ya kwanza hana sababu ya kudanganya, hakuna wa kumtangulia. Wa zamu ya nne mpaka ya kumi ndio waongo. Anamwalika kwotabeki asiyemtaka ili jirani aingie woga na kununua zamu yake.

Browns ndio dawa ya kiburi cha mtabiri. Walimchagua Brady Quinn 2007 zamu ya 22, Brandon Weeden 2012 zamu ya 22, Johnny Manziel 2014 zamu ya 22. Kwotabeki watatu, namba ile ile, na hakuna aliyedumu. Mganga gani aliwaambia 22? Mwaka 2025 watabiri wengi walimpanga Shedeur Sanders raundi ya kwanza. Browns, wenye zamu ya pili na shida ya kwotabeki, wakaiuza zamu hiyo kwa Jaguars. Raundi ya tatu wakachagua kwotabeki, lakini ni Dillon Gabriel. Sanders akangoja mpaka raundi ya tano, zamu ya 144, na aliyemchukua ni nani? Browns hao hao. Sasa mtabiri aliyeandika "Sanders, Browns" tumpe vema au mkasi?

Ukitaka kuitazama drafti ukiwa Afrika Mashariki, huanza saa tisa usiku, Alhamisi ikiwa imeshageuka Ijumaa. Kamishna Roger Goodell anapanda jukwaani, anazomewa kabla hajafungua mdomo. Mwaka 2025 kila timu ilipewa dakika 10 raundi ya kwanza, na kibonde anaweza kuzila zote hata kama jina analo tangu Machi. Zamani zilikuwa 15, na bado Minnesota Vikings 2003 walifanikiwa kuchelewa. Zamu ya 7 ikawapita, timu mbili zikawaruka zikataja majina yao, Vikings wakashtuka na kuchagua wa tisa. Wakampata Kevin Williams, aliyekuja kutajwa kwenye kikosi bora cha ligi mara tano.